Bruno Gutmann wa Kidia: mmisionari aliyeziandika sheria na lugha ya Wachagga

Na Mwandishi Wetu, Moshi

KIJIJI cha Kidia kipo Old Moshi Mashariki, mkoani Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, mahali ambapo migomba na mikahawa hufunika vihamba na barabara hupanda kwa konakona kuelekea msituni. Ni kijiji kidogo. Wenyeji wake huzungumza Kimochi, mojawapo ya lahaja za Kichagga, ambayo mtu wa Machame au wa Rombo huisikiliza kwa kutega sikio na bado kuna maneno yanayompita. Hapo ndipo lilipo kanisa la Kilutheri ambalo usharika wake ulianza mwaka 1896, na hapo ndipo alipoishi kwa miaka mingi Dkt. Bruno Gutmann, Mjerumani ambaye hadi leo hakuna mtafiti wa historia ya Wachagga anayeweza kumkwepa.

Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, tarehe 4 Julai 1876, katika familia isiyo na mali. Mwaka 1895 aliingia katika chuo cha Misioni ya Leipzig kusomea umisionari, masomo yaliyochukua miaka kadhaa. Katika mji huo huo wa Leipzig alikuwako Wilhelm Wundt, mwanasaikolojia mashuhuri aliyefundisha kwamba fikra za mtu haziwezi kueleweka bila kuijua jamii iliyomlea, lugha yake na desturi zake. Fundisho hilo lilimwingia Gutmann kuliko walimu wake wa theolojia walivyotazamia. Alipofika Kilimanjaro mwaka 1902, hakuja na Biblia peke yake. Alikuja pia na kiu ya kusikiliza.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na kidonda kibichi. Old Moshi ilikuwa makao ya Mangi Rindi Mandara, mtawala ambaye jina lake lilifika pwani na hata Ulaya, na baada yake mwanawe, Mangi Meli. Mwaka 1892 Meli na askari wake walilishinda jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Kisha tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hapo hapo Old Moshi, yeye pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha, mbele ya watu wao. Kichwa chake kilichukuliwa, na wazao wake wanakitafuta mpaka leo. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilikuwa vimeoanisha mafuvu matatu yaliyochukuliwa enzi hizo na jamaa walio hai nchini Tanzania. La Meli halikuwa miongoni mwake.

Hayo hayana budi kusemwa mwanzoni, kwa sababu wazee ambao baadaye walikaa na Gutmann na kumweleza mambo ya kale walikuwa watu wazima siku ile mti wa Tsudunyi ulipobeba miili ya viongozi wao. Walizungumza na mtu wa taifa lililofanya kitendo hicho. Kwamba walizungumza naye kwa mapana kiasi kile ni jambo la kustaajabisha, na sifa yake ni ya wazee hao kwanza, kisha ya msikilizaji wao.

Gutmann alianza kazi Mamba, akahamia Machame, na mwaka 1906 akafungua kituo cha misioni Masama. Miaka hiyo ya mwanzo ilimpa kitu ambacho wengi wa wenzake hawakukipata: alizisikia lahaja za Kichagga kwa kuzilinganisha, kutoka mashariki ya mlima hadi magharibi yake. Baada ya likizo ndefu nyumbani alirudi, na mwaka 1910 akapangiwa Old Moshi. Kidia ikawa makazi yake.

Kazi ya kuiandika Kimochi ilikuwa imekwisha kuanza. Johannes Raum, mmisionari mwenzake, alichapisha mwaka 1909 sarufi ya Kichagga kwa kufuata lahaja hiyo ya Moshi. Wamisionari wa Leipzig walishikilia kwamba mtu afundishwe na ahubiriwe kwa lugha ya mama yake, na kwa hiyo kila kituo kikawa karakana ya lugha: msamiati ulikusanywa, sauti zikatafutiwa herufi, hadithi na methali zikaandikwa. Juhudi hizo hazikuishia Kilimanjaro. Katika milima ya Upare, ambayo leo ni wilaya za Mwanga na Same, Misioni ya Leipzig ilikuwa na vituo, na mmoja wa watu wake, Jakob Dannholz, alikaa Mbaga, Upare Kusini, akiandika kuhusu imani na desturi za Wapare. Waadventista nao walikuwa wamefika milima hiyo hiyo mwaka 1903, na Ernst Kotz wa kwao akachapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, mwaka ule ule wa sarufi ya Raum. Mkulima wa mpunga wa Ndungu, chini ya milima hiyo, na mkulima wa kahawa wa Kidia wanashiriki jambo hili bila ya kulijua: lugha zao za nyumbani ziliingia vitabuni katika msimu mmoja, kwa mikono ya wageni, na kwa vinywa vya wazee ambao wengi wao majina yao hayakuwekwa kwenye jalada.

Gutmann hakuridhika na sarufi. Alitaka kujua watu wanaishije pamoja. Aliuliza ng'ombe wanakopeshwa kwa masharti gani, shauri la damu linamalizwaje, mke anaolewa kwa hatua zipi, kiapo kinaapwa vipi, na nani anayerithi nini. Akagundua kwamba mlima mzima umefungwa kwa nyuzi ambazo mgeni mpita njia hazioni.

Chukua mfano wa ng'ombe. Mchagga mwenye mifugo mingi hakuiweka yote zizini mwake. Aliigawa kwa jamaa na majirani, wengine wakiishi mbali, wamtunzie. Mtunzaji alipata maziwa na samadi ya migomba yake, na mwenye mali akabaki na haki ya ng'ombe na uzao wake. Kwa mpango huo tajiri hakuweza kutajwa utajiri wake kwa urahisi, ugonjwa haukumaliza kundi lote kwa siku moja, na familia mbili zilifungana kwa deni ambalo lingeweza kudumu hata baada ya waliolianzisha kufa. Gutmann alizifuata kesi za namna hiyo moja baada ya nyingine kwa uvumilivu wa karani wa mahakama.

Au chukua mfongo, mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni hadi vihambani. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wa mwanzilishi wake, zamu za maji, siku za kazi ya kuuzibua, na adhabu kwa asiyefika kazini. Hapakuwa na ofisi ya maji wala hati; palikuwa na kumbukumbu za watu na aibu ya kuonekana mvivu mbele ya majirani. Mifereji hiyo iliwastaajabisha wasafiri wote waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19, lakini wengi waliiona kama kazi ya jembe tu. Gutmann aliiona kama katiba.

Na juu ya yote palikuwa na kihamba. Ardhi ya migomba iligawiwa kwa kanuni ambayo mtu wa nje huishangaa: kifungua mimba alitangulia kupewa chake, kitinda mimba akabaki na boma la baba, na wana wa katikati walipaswa kutafuta mahali pengine au kumwendea mangi kuomba. Ardhi ilipokuwa tele, wana wa katikati walikwenda juu au chini ya mlima wakafyeka. Ardhi ilipopungua, wakawa watu wa kwanza kuhisi. Gutmann aliliona tatizo hilo likija, maana Kilimanjaro ilikuwa ikijaa watu mbele ya macho yake.

Matokeo ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1926 katika kitabu chenye kurasa zaidi ya 700, Das Recht der Dschagga, yaani Sheria za Wachagga. Baadaye, kati ya 1932 na 1938, alichapisha juzuu tatu za mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando na ndoa, mafundisho ambayo wazee waliyatoa kwa mafumbo, nyimbo na vijiti vya kuchongwa. Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia, na kile cha Würzburg ya sheria. Ni wamisionari wachache wa Afrika Mashariki waliopata heshima mbili za namna hiyo, na ya pili inasema mengi: wanasheria wa Ujerumani walikiri kwamba kule mlimani palikuwa na sheria hasa, wala si mila za kusimuliana tu.

Tofauti yake na wamisionari wengine ilijitokeza zaidi katika uongozi wa usharika. Wengi wa wakati wake waliamini kwamba Mkristo mpya hana budi kutengwa na ukoo wake ili asirudi nyuma. Gutmann aliamini kinyume. Kwake ukoo, ujirani na rika vilikuwa vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliviweka ili watu wawajibikiane, na kanisa lililovivunja lingebaki na mikono mitupu. Kwa hiyo aliupanga usharika wa Old Moshi kufuata vifungo hivyo. Vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo vya wawili au watatu, alivyoviita ngao, kwa mfano wa vijana wa jando waliofungwa pamoja, ili kila mmoja amtunze mwenzake maisha yote. Wazee wa mitaa walipewa wajibu wa kusuluhisha ugomvi kabla haujafika kwa mchungaji. Baada ya ibada watu hawakutawanyika mara moja. Walikaa kwenye uwanja wa majani mbele ya kanisa wakapanga kazi za pamoja na kutatua mashauri. Hata jina la Mungu lilibaki lile la mlimani, Ruwa, ambalo pia ni jina la jua.

Kwa msomaji wa leo hayo huenda yakaonekana ya kawaida, kwa kuwa makanisa na hata vikundi vya kijamii vya mitaani kwetu hufanya kazi kwa utaratibu unaofanana. Mwaka 1910 halikuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi. Kilimanjaro iliingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani, Gutmann akiwamo, waliondolewa nchini. Sharika za Wachagga zikabaki na walimu wao wenyewe. Walifundisha, wakahubiri, wakafanya mazishi na kuyashika makanisa mpaka Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na mpaka Waleipzig waliporuhusiwa kurejea mwaka 1925. Kipindi hicho husimuliwa kwa kawaida kama pengo baina ya wamisionari na wamisionari. Kwa hakika kilikuwa miaka ambayo Wachagga waliliendesha kanisa lao, na waliporudi wale wa zamani, hawakuwakuta watu wale waliowaacha.

Hapo ndipo maisha ya Gutmann yalipoingia katika mvutano ambao hakuumaliza. Alirudi Kidia akitaka kuendelea na kazi ya kulinda vifungo vya kale. Lakini vijana aliowabatiza walikuwa wamekuwa walimu, makarani na wakulima wa kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, mwana wa Old Moshi. Kutoka humo kikazaliwa mwaka 1933 Chama cha Ushirika cha KNCU, kilichokuja kuwa fahari ya ushirika nchini. Reli kutoka Tanga, iliyopitia Same, ilikuwa imefika Moshi tangu 1911, na mazao yalikwenda pwani. Fedha ziliingia. Watu walinunua mabati, baiskeli na vitabu.

Gutmann aliitazama fedha kwa mashaka. Aliona kwamba mtu mwenye mapato yake ya kahawa anaweza kuishi bila kumhitaji jirani, na hilo lilimtia hofu kuliko uchawi wowote. Hakuipenda miji, wala shule iliyomtoa mtoto katika ukoo na kumwandaa kwa kazi ya ofisini. Kiswahili nacho hakukionea raha. Kwake kilikuwa lugha ya biashara na ya watu wasio na mizizi, wakati Serikali ya Waingereza ilipokuwa ikikijenga Kiswahili sanifu kwa ajili ya shule za Afrika Mashariki yote, na Kamati ya Lugha ikiundwa mwaka 1930. Katika jambo hili historia haikumngoja. Lugha aliyoiogopa ndiyo iliyokuja kuwaunganisha Mchagga, Mpare, Mmakonde na Mhaya katika taifa moja, na ni vigumu kuiona Tanganyika ikipata Uhuru kwa namna ilivyoupata bila lugha hiyo.

Shauri la tohara ya wanawake lilikuwa zito zaidi. Katika miaka ya 1920 wapo Wakristo wa Kichagga, walimu miongoni mwao, waliotaka kanisa lipige marufuku desturi hiyo. Gutmann alipinga marufuku, akihofia kwamba kuing'oa desturi moja kungeangusha mfumo mzima wa malezi. Hapa heshima yake kwa mila ilimfanya ashikilie jambo ambalo wenye mila wenyewe walikuwa tayari kuliacha. Leo sheria za nchi zinakataza ukeketaji wa mtoto wa kike, na walioanza kuukataa kule mlimani karibu miaka mia moja iliyopita wanastahili kukumbukwa kama watangulizi, ingawa vitabu vingi vimeandikwa kumhusu mmisionari kuliko kuwahusu wao.

Ukosoaji haukutoka Afrika peke yake. Huko Ulaya wapo wanatheolojia walioona kwamba mtu anayeupa ukoo na taifa nafasi kubwa namna ile katika mpango wa Mungu amefungua mlango wa hatari, hasa walipokumbuka jinsi maneno kama taifa na damu yalivyotumika Ujerumani kuanzia mwaka 1933. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, Gutmann wa Kidia hakuwa akitetea ukubwa wa taifa lake. Alikuwa akiwaambia Wajerumani kwamba Wachagga wanajua kuishi pamoja kuliko wao.

Mwaka 1934 walipadirishwa wachungaji wa kwanza wa Kichagga katika kanisa la Leipzig. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 62, Gutmann aliondoka Kidia kwa mara ya mwisho. Mwaka uliofuata Agano Jipya la Kimochi, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, lilichapishwa, na vita vingine vikaanza vilivyofunga tena njia ya wamisionari wa Kijerumani.

Maisha yake yaliyobaki aliyamaliza Ehingen, kijiji kilicho chini ya kilima cha Hesselberg huko Bavaria, akiendelea kuandika kuhusu Kilimanjaro. Alifariki tarehe 17 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 90. Alikuwa ameishi kiasi cha kuiona Tanganyika ikijitawala mwaka 1961, utawala wa machifu ukifutwa mwaka 1963, na katika mwaka huo huo makanisa ya Kilutheri, yakiwamo yale ya Kilimanjaro na Upare, yakiungana kuwa kanisa moja la nchi nzima. Mahakama ya mangi aliyoitumia kurasa 700 kuieleza haikuwapo tena.

Ila yaliyokuwa yakisikilizwa mbele ya mangi hayakwisha pamoja naye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa sheria na jamii kutoka Marekani, Sally Falk Moore, alifika Kilimanjaro kuchunguza mashauri ya kimila, na utafiti wake ukatoka katika kitabu mwaka 1986. Alikisoma kitabu cha Gutmann kwa makini, kisha akaketi katika mahakama za mwanzo na vihambani akisikiliza. Alikuta ndugu wakigombea mipaka ya kihamba, wana wa katikati wakiwa hawana pa kwenda, kifungua mimba na kitinda mimba wakidai nafasi zao kama zamani, na wazee wa ukoo wakikaa chini ya migomba kutafuta suluhu kabla ya kupanda ngazi za mahakama. Wengi wa wadaiwa na wadai hao hawakuwahi kukiona kitabu kile, ambacho kiliandikwa kwa Kijerumani na baadaye kutafsiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watafiti.

Kila Desemba barabara ya kupanda Old Moshi hujaa magari ya wana wa mlima wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo. Watoto wao huwasalimia mabibi kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kimochi. Kwenye mipaka ya vihamba bado imepandwa masale, mmea ambao Mchagga humkabidhi aliyemkosea anapotaka kuomba radhi, na aliyepewa hatakiwi kuikataa.